Kuacha Ulevi na Kurejea kwa Akili

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), aliyemuumba mwanadamu na akamtukuza kwa akili. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote. Amma baad.

Ndugu Waislamu, wasikilizaji mlio majumbani, vyuoni na makazini, tunaziusia nafsi zetu na tunakuusieni nyinyi kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri.

Leo hatukukusudia kuzungumza juu ya uharamu wa ulevi. Jambo hilo halina ubishi, na mtoto wa chuoni analijua. Tumekusudia kuzungumza na mtu aliyekwisha kuacha. Katika mikoa yetu hii ya Shinyanga na Geita, kuanzia Kahama na Kakola mpaka Nyarugusu na Rwamagasa, watu wa namna hiyo wapo, na Mwenyezi Mungu azidi kuwaongeza. Wana swali ambalo hulileta kwa sauti ya chini, baada ya Sala, watu wakishatawanyika. Husema: “Shehe, nimeacha huu mwezi wa tatu. Mbona akili yangu haijarudi? Nahifadhi sura fupi leo, kesho imetoka. Usingizi sipati. Nakasirika kwa jambo dogo. Je, toba yangu haikukubaliwa?”

Swali hili ni zito kuliko linavyosikika. Anayepewa jibu baya hurudi kilabuni jioni ile ile, kwa kuwa ameona hasara mbili: pombe ameikosa, na msamaha ameukosa.

Jibu ni kwamba hapa pana mambo mawili, na yasichanganywe. Toba ina masharti yake yanayojulikana: mtu aliache kosa, alijutie, aazimie kutolirudia, na kama ndani yake mna haki ya mtu airejeshe. Masharti hayo yakitimia kwa moyo safi, toba imetimia, hata kama ni saa hiyo hiyo, wala haingoji kipimo cha daktari. Ama ubongo, huo ni kiungo cha mwili kama mfupa wa mguu. Mfupa uliovunjika kwa maasi na uliovunjika katika kazi ya halali huunga kwa muda mmoja. Hakuna aliyevunjika mguu akatubia asubuhi akakimbia jioni, wala hakuna anayesema kwamba kuchechemea kwake ni dalili ya kukataliwa.

Wanafunzi wetu wa lugha ya Kiarabu wanajua kwamba neno khamr limetokana na asili yenye maana ya kufunika, na ushungi wa mwanamke unaitwa khimar kwa asili hiyo hiyo. Sayyidna Umar (R.A.) alieleza juu ya mimbari kwamba khamr ni kila kinachoifunika akili. Basi gongo, wanzuki, pombe ya mtama na bia ya chupa zote zimo humo, wala hapana haja ya kuuliza kila kinywaji kinapikwa kwa nini. Na neno akili lenyewe lina undugu na ‘iqal, kamba ya kumfungia ngamia asipotee. Wanazuoni walipohesabu mambo matano ambayo sheria imekuja kuyahifadhi, waliitia akili pamoja na dini, nafsi, kizazi na mali. Sasa na tutazame kamba hii hukatwaje, na husokotwa upya kwa muda gani.

Ubongo una nguvu mbili zinazopingana, mfano wa watu wawili wanaovutana kwa kamba moja: huyu hutuliza, yule huamsha. Wakilingana, mtu hukaa sawa. Pombe humwongezea nguvu anayetuliza na humkaba anayeamsha. Ndiyo sababu mnywaji hupotewa kwanza na hofu, kisha na haya, kisha na miguu. Na hapa tuwe waadilifu. Wachimbaji wengi hawakuanza kunywa kwa kutafuta anasa. Mtu ameshuka katika duara refu, hewa chache, magogo yanalia juu ya kichwa chake, na mwenzake amemwambia kwamba bila ya kitu kichwani hofu itamuua. Kwa bahati mbaya hofu hiyo ndiyo iliyokuwa ikimlinda.

Pombe inapoingia kila siku kwa miaka, ubongo hujirekebisha ili uishi nayo. Hupunguza utulivu wake wa asili, kwa kuwa unaletewa mwingine kutoka nje, na huzidisha kuamka. Siku pombe inapokatwa ghafla, ni kama yule wa upande mmoja ameachia kamba. Saa chache tu baadaye mikono hutetemeka, jasho humtoka, moyo humwenda mbio. Baadhi ya watu hushikwa na degedege katika siku mbili za mwanzo. Na kati ya siku ya pili na ya nne wako wanaopatwa na kubwa zaidi: homa, kuchanganyikiwa, kuona wadudu na watu wasiokuwapo. Hali hii isipotibiwa huweza kuua.

Tunalisema hili waziwazi kwa sababu vijijini mwetu mtu akifika hapo huambiwa amepandwa na majini, au hutafutwa mchawi. Na katika mikoa hii tunajua ni nani huumizwa mchawi anapotafutwa: bibi kizee mwenye macho mekundu, ambaye wekundu wake ni wa moshi wa jikoni. Huyo mgonjwa hakurogwa. Ubongo wake umekatiwa kitu ulichokizoea. Aliyekuwa akinywa sana kila siku kwa miaka, na hasa aliyewahi kushikwa na degedege au kuweweseka alipojaribu kuacha zamani, asijifungie chumbani peke yake. Apelekwe hospitali siku ile ile anayoazimia. Huko atapewa dawa ya kutuliza, kama diazepamu, kwa siku chache na kwa kipimo cha daktari, na vitamini B1 na maji.

Wako wanaotuuliza: masahaba waliacha kwa siku moja, nanyi mnatuambia habari za hospitali? Ni kweli. Anas bin Malik (R.A.) amesimulia kwamba siku hiyo alikuwa akiwanywesha watu nyumbani kwa Abu Talha, mpiga mbiu alipotangaza katazo, pombe ilimwagwa hata ikatiririka katika njia za Madina. Lakini kumbukeni kwamba kabla ya siku hiyo Mwenyezi Mungu alikwisha kuwatayarisha kwa daraja: kwanza aya ya 219 ya Suratul Baqara, kisha aya ya 43 ya Suratun Nisaa iliyowakataza kuikaribia Sala wakiwa wamelewa, ndipo zikaja aya za 90 na 91 za Suratul Maida. Sisi leo katazo limekwisha kukamilika, na kuacha ni kwa siku moja, hilo hatulipunguzi. Kumpeleka mtu hospitali si kumpa muhula wa kunywa. Ni kumwezesha asinywe, na aishi.

Tukishavuka siku hizo za hatari, ndipo inapoanza safari ndefu aliyoiulizia ndugu yetu.

Kwa muda mrefu watu wengi, waganga wakiwamo, walidhani kwamba ubongo uliosinyaa kwa ulevi umekwisha, hauna marejeo. Mwaka 1978 madaktari wa Toronto, nchini Kanada, waliwapiga walevi wanane wa muda mrefu picha za kichwa kwa mashine, kisha wakawapiga tena baada ya muda. Wanne kati yao walionekana ubongo wao umeanza kujaa tena, na hao ndio walioshika kuacha na hali zao zikatengenea. Mwaka 2007 wataalamu wa Ulaya waliwapima watu 15 katika wiki sita au saba za kwanza za kuacha, wakaona ukubwa wa ubongo umeongezeka kwa karibu asilimia 2. Ni kidogo kwa kusikia. Lakini ubongo ni kitu kinachopimwa kwa unywele, na hizo ni wiki saba tu.

Uchunguzi mwingine uliotolewa Marekani mwaka 2023 uliutazama unene wa ganda la juu la ubongo, ambalo ndilo kiti cha kufikiri, kupanga na kujizuia. Walilipima katika sehemu 34. Baada ya miezi saba na kidogo ya kuacha, sehemu 24 zilikuwa zimelingana na za watu wasiokuwa na ugonjwa wa ulevi, na mwendo wa kupona ulikuwa wa kasi zaidi katika mwezi wa kwanza.

Hapo msikilizaji atasema: ikiwa mwezi wa kwanza ndio wenye kasi, mbona mimi wa mwezi wa tatu bado nasahau? Jibu ni kwamba nyama ya ubongo hutangulia na kazi yake hufuata nyuma. Nyumba inaweza kuwa imeezekwa na wenyewe hawajahamia. Mwaka 2013 wataalamu wa Montreal walizikusanya tafiti 62 na kuzilinganisha, wakaona kwamba katika mwaka mzima wa kwanza upungufu wa kumbukumbu, wa umakini na wa kupanga mambo bado unaonekana, na hupungua sana baada ya mwaka kutimia. Mwaka! Basi wewe wa miezi mitatu hujachelewa wala hujakataliwa. Uko mahali pako hasa.

Na ile kero ya kukosa furaha nayo ina sababu yake. Katika ubongo mna kemikali iitwayo dopamini, ambayo mtu hupata kwayo hamu na ladha ya mambo: chakula, mazungumzo, kazi iliyokwisha, mtoto anayecheka. Pombe huichochea kupita kiasi mpaka ubongo hupunguza mapokezi yake. Pombe ikiondoka, mapokezi hayafunguki siku hiyo hiyo. Kwa wiki na miezi dunia huwa kama chakula kisichotiwa chumvi. Mtu huswali na haoni utamu wa Sala, akadhani moyo wake umepigwa muhuri. Tunamwambia: swali hivyo hivyo. Hukuamrishwa utamu, umeamrishwa Sala.

Kuna jambo moja ambalo wachimbaji walisikilize zaidi kuliko wengine. Mwaka 2006 walipimwa Marekani watu 48 waliokuwa wameacha pombe kwa wastani wa zaidi ya miaka 6. Karibu katika kila mtihani walikuwa sawa na watu wengine: kumbukumbu, maneno, hesabu za kichwani, wepesi wa fikra. Upungufu uliodokezwa kubaki ni wa kutambua nafasi na pande, yaani kitu kiko wapi, kimekaaje, na kiko umbali gani. Mwenye duka huenda asiuhisi upungufu huo. Lakini aliye chini ya ardhi, kwenye kiza, akikadiria uzito wa mwamba uliopasuka na umbali wa ngazi, hana kitu kingine cha kumwokoa. Kwa hiyo tunawaomba wenye maduara: mtu aliyeacha ulevi mwaka huu msimfukuze, wala msimshushe kwenye kina. Mpeni kazi ya juu, kwenye karasha, kwenye kuhesabu mifuko, kwenye ulinzi. Huo si upendeleo. Mwaka 2015 ndugu zetu wa Nyangalata, wilayani Kahama, walitolewa hai baada ya kukaa siku 41 chini ya kifusi, na hakuna aliyewakabidhi sururu siku ile. Walipelekwa hospitali. Yuko mtu aliyekaa chini ya kifusi cha ulevi miaka kumi na mitano, naye twamtaka awe mzima kwa sababu tu tumemwona msikitini.

Si kila kitu hurejea, na ni vibaya kuwadanganya watu. Kuna ugonjwa wa ubongo uliotajwa na Wernicke mwaka 1881, na mwenzake ulioelezwa na Korsakoff mwaka 1887, ambao huja kwa kupungukiwa na vitamini B1. Mlevi wa gongo hunywa na hali, na tumbo lake halifyonzi hata kile kidogo anachokula. Dalili zake ni kuchanganyikiwa, macho kuchezacheza au kutoona sawa, na kupepesuka mtu akiwa hajanywa. Akionekana hivyo apelekwe hospitali upesi, na daktari aambiwe waziwazi kwamba alikuwa mnywaji, kwa sababu inafaa B1 itangulie au ifuatane na maji ya sukari. Familia nyingi huficha kwa ajili ya heshima. Heshima hiyo inaweza kumgharimu mgonjwa kumbukumbu yake ya maisha yote.

Ama chakula chenye B1, Mwenyezi Mungu hakukifanya kuwa cha matajiri. Kimo katika maharage, kunde, karanga, na katika nafaka ambayo haikukobolewa ikawa nyeupe. Dona ni bora kuliko sembe, na ugali wa uwele au wa mtama waliokula wazee wetu ni bora kuliko wengi wanavyoufikiria. Mwekeeni huyo ndugu karanga na kunde mezani.

Sigara nayo tuitaje, kwani wengi huacha chupa wakazidisha moshi. Waliochunguza wameona kwamba mvutaji aliyeacha pombe hurejewa na kumbukumbu na wepesi wa akili polepole kuliko asiyevuta. Na kwa watu wa mialo ya Geita kuna zebaki. Inapochomwa ili dhahabu ibaki, mvuke wake huingia kwa pumzi mpaka ubongoni, na dalili zake hufanana na za ulevi: mikono kutetemeka, kusahau, hasira, kukosa usingizi. Mtu anaweza kuacha pombe kwa ukweli kabisa na mikono ikaendelea kutetemeka, na majirani wakasema anakunywa kwa siri. Amwambie daktari kazi anayoifanya. Wala zebaki isichomwe ndani ya nyumba wanamolala watoto na wake zenu.

Wako wahubiri wanaoichukua hadithi inayosema kwamba Sala ya mnywaji haikubaliwi siku arobaini, kisha wakaziunga siku hizo na utafiti wa ubongo, wakasema hayo ndiyo maelezo yake. Sisi hatusemi hivyo. Hadithi haihitaji kutegemezwa kwa mashine, na mashine kesho zinaweza kusema jambo jingine. Lililo muhimu zaidi ni kwamba watu wameifahamu vibaya, wakaacha kuswali kwa kusema haina faida. Wanazuoni, miongoni mwao Imamu Nawawi, wameeleza kwamba kinachokusudiwa ni kukosa thawabu. Wajibu wa Sala hauondoki, na akiswali deni limemtoka. Na hadithi yenyewe inasema kwamba akitubia Mwenyezi Mungu humkubalia toba yake. Basi mtu asiikimbie Sala kwa sababu alikunywa.

Na akianguka tena baada ya miezi sita? Hili hutokea, na hutokea mara nyingi. Njia za mazoea zilizochimbwa ubongoni huweza kuamka kwa harufu, kwa wimbo, kwa kupita mlango fulani siku dhahabu inapouzwa na fedha zimo mfukoni. Tangu tarehe 1 Machi 2017 viroba vya plastiki vimepigwa marufuku nchini mwetu, na hilo lilikuwa jambo jema, lakini gongo halikungoja kibali cha mtu. Katika zama za Mtume (S.A.W.) palikuwa na mtu aliyekuwa akiletwa mara kwa mara kwa kosa la kunywa, akaadhibiwa. Mmoja wa waliohudhuria akamlaani kwa kukithiri kuletwa kwake. Mtume (S.A.W.) alimkataza kumlaani, na akamshuhudia mtu yule kwamba anampenda Mwenyezi Mungu na Mtume Wake. Adhabu ilibaki pale pale, na kosa halikuitwa jina jingine. Lakini mlango wa jamaa haukufungwa. Siku ya kuanguka tena si lazima iwe siku ya sifuri, kwani miezi sita ya kupona haifutwi yote kwa usiku mmoja. Kinachoifuta ni kuendelea.

Nyinyi walimu wa vyuo, mtu mzima wa namna hii akija kutaka kusoma, msimwanzishie ukurasa mzima. Mpeni aya moja, airudie siku tatu, kisha ya pili. Msimcheke mbele ya watoto. Kujifunza ni mazoezi kwa ubongo unaojijenga, kama kutembea kulivyo mazoezi kwa mguu uliofunguliwa hogo. Na ninyi kina mama mlio majumbani, mtu huyu akikosa usingizi usiku, si kila mara anawaza maovu; usingizi ni katika vitu vinavyochelewa kurudi. Apunguze chai ya rangi na kahawa baada ya Alasiri, alale kwa wakati mmoja kila siku, na siku ya kuuza dhahabu asiende peke yake. Aende na kaka yake au mwanawe mkubwa, na fedha zipitie sokoni kununua unga na kunde kabla ya kupita mahali pengine popote.

Tunasema maneno haya, na tunamuomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yetu na yenu na ya Waislamu wote.